SELIMUNDU: MOYO UKIDUNDA OVYO NA MWILI UKIFA GANZI

Wazazi wengi wenye mtoto wa selimundu wanajua maumivu ya mifupa, macho ya manjano na kupungukiwa damu. Wachache wanajua kwamba ugonjwa huu hugusa pia moyo, ubongo na mishipa ya fahamu. Waliovuka kutoka upande wa Kilwa na Pweto tangu 2017, wakapokelewa Kenani na Mantapala hapa Nchelenge, wengi wao huuita "SS". Ni ugonjwa huo huo.

Selimundu ni nini?

Ni ugonjwa wa kurithi. Chembe nyekundu za damu zikikosa oksijeni hujikunja kama mundu, hunasa katika mishipa midogo na kuiziba. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa huishi siku 10 hadi 20 tu. Si uchawi, wala hauambukizi. Baba na mama wakiwa wote na AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mwenye SS.

Moyo huathirika vipi?

Damu ikiwa chache, moyo husukuma kwa nguvu zaidi usiku na mchana, na baada ya miaka hupanuka. Shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu linaweza kupanda. Aliyeongezewa damu mara nyingi anaweza kurundika madini ya chuma moyoni. Mambo haya huweza kuvuruga umeme unaoongoza mapigo, hasa kwa watu wazima.

Moyo kwenda mbio baada ya kubeba maji au wakati wa homa hutokea sana kwa mwenye damu pungufu. Lakini moyo ukiruka mapigo au kudunda ovyo mtu akiwa amepumzika, au akizimia, akiumwa kifua au kupumua kwa shida, hiyo ni dharura.

Baadhi ya dawa, kama kwinini na erithromaisini, zinaweza kubadili umeme wa moyo. Usikatae tiba ya malaria kwa sababu hiyo, maana malaria ni adui mkubwa wa mgonjwa huyu. Ila mwambie mhudumu kwamba mgonjwa ana selimundu, na kama moyo wake umewahi kusumbua.

Ubongo na mishipa ya fahamu

Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1998 ulionyesha kuwa karibu 1 kati ya 10 wenye SS hupata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20. Dalili zake ni hizi:

- uso kupinda upande mmoja;
- mkono au mguu mmoja kulegea ghafla;
- kushindwa kusema au kuelewa;
- degedege, au kichwa kuuma vikali kwa ghafla.

Wengine hupata ganzi ya kidevu na mdomo wa chini wakati wa maumivu makali, kwa sababu mshipa wa fahamu upitao ndani ya taya umekosa damu. Wengine huhisi kuchomwa kama sindano au moto. Eleza hayo kituoni, hata kama hayaonekani kwa macho.

Fanya nini?

1. Ukiona dalili ya kiharusi au ya hatari ya moyo, nenda kituo cha afya mara moja, hata usiku. Usisubiri ipite yenyewe.
2. Kumbuka saa dalili ilipoanza.
3. Aliyelegea au kuzimia mlaze kwa ubavu. Usimpe chakula, maji wala dawa ya kunywa, asije akapaliwa.
4. Siku za kawaida, anywe maji ya kutosha, alale ndani ya chandarua na asikose dawa alizoandikiwa.
5. Usimpe vidonge vya madini ya chuma bila agizo la mganga.

Je, kuna dawa?

Ipo haidroksiyurea. Utafiti uliochapishwa 2019, uliofanywa kwa watoto wa Kongo, Angola, Uganda na Kenya, ulionyesha kuwa waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo. Hutolewa kwa agizo la daktari, na damu hupimwa mara kwa mara. Muulize mganga kama inamfaa mtoto wako.

Kila uendapo kituoni au hospitalini Kashikishi, beba kadi ya mgonjwa na useme mapema: "Huyu ana SS." Neno hilo humsaidia mhudumu kujua la kuanza nalo.