Ekari Moja ni Kubwa Kiasi Gani?

Huko Mbagala, Temeke, na Bunju, Kinondoni, watu wengi hupima shamba kwa miguu: hatua 70 kwa 70, wakaliita ekari. Ekari ya kweli ni yadi za mraba 4,840, yaani kama mita za mraba 4,047. Hatua ikiwa yadi kamili, hesabu hutimia. Ikiwa sentimita 75, kila upande ni mita 52.5, na eneo ni mita za mraba 2,756 tu. Tuseme bei ni shilingi 20,000,000: mnunuzi amepunjwa zaidi ya 6,000,000! Basi, ndugu msomaji, wazee wako wakienda kununua shamba, fuatana nao, uchukue futi-kamba. Pima kwanza, kisha gawanya bei kwa mita za mraba; hapo ndipo fedha zitolewe.