Wiki ya Agosti na Eda ya Mama wa Murang'a



Mwezi wa Julai niliitwa Murang'a kusimamia mirathi ya ndugu yetu mmoja aliyefariki mwishoni mwa Juni. Alikuwa mwuza vipuri vya magari, mtu wa safu ya kwanza msikitini, na wazee wake walipanda bara kutoka pwani zamani kwa biashara. Ameacha mjane, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Wazazi wake walikwisha kutangulia. Nilikaa sebuleni na wanawe, mama yao akiwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi nusu, na mafaili ya marehemu yamepangwa juu ya meza.

Duka, kiwanja na shehena ya dukani havikutusumbua. Kilichotusumbua ni bahasha moja ya buluu. Ndani yake mlikuwa na mkataba wa haki ya kukaa wiki moja kila mwaka, katikati ya Agosti, katika nyumba ya mapumziko ufukweni kusini mwa Mombasa: vyumba viwili, jiko lake, vitanda vya watu sita. Marehemu aliununua Nairobi, siku aliyoalikwa kula chakula cha mchana cha bure. Miaka yote hiyo familia ilikwenda mara moja tu. Umebaki miaka tisa, ukiuhesabu na huu, na ada ya matunzo, shilingi 58,000 kwa mwaka, haikuwa imelipwa kwa miaka miwili.

Mwana mkubwa akasema, "Sheikh, tuutupe mkataba huu." Mdogo wake akasema la, baba alilipa fedha nyingi. Kisha sauti ya mama yao ikatoka chumbani: "Wiki yenyewe inaanza mwezi ujao, nami niko ndani ya eda. Inapotea hivihivi?"

Swali hilo lilinifanya niuombe mkataba nikausome usiku ule, mstari kwa mstari. Nayaandika niliyoyaona kwa sababu najua bahasha kama ile ziko katika kabati nyingi za nyumba zetu, pwani na bara, na mara nyingi mke hajui imeandikwa nini ndani.

Jambo lenyewe si geni kwa wanazuoni. Fiqhi ina jina lake, muhayaa: watu wanaoshirikiana katika kitu kisichogawika hupeana zamu za kukitumia. Wanazuoni wengi wameutolea dalili katika kisa cha ngamia wa Nabii Saleh, aliyekuwa na siku yake ya kunywa maji na watu wakawa na siku yao. Biashara ya sasa ya nyumba za zamu ilianza Ulaya katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 ikaanzishwa Marekani kampuni ya RCI, ambayo kazi yake ni kuwabadilishia wenye zamu wiki zao: wewe unatoa wiki yako ya pwani, mwingine anatoa yake ya milimani. Mwaka 2007 Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Putrajaya, Malaysia, liliutazama mkataba wa namna hii na kuuruhusu kwa masharti, ukiwa ni ununuzi au ukodishaji wa sehemu ya pamoja kwa muda unaojulikana. Makka kwenyewe, jengo la Zamzam lililo mbele ya Msikiti Mtukufu, katika ardhi ya wakfu wa Mfalme Abdulaziz, liligharimiwa kwa hati za manfaa: mtu alinunua haki ya kukaa wiki maalumu kila mwaka kwa miaka 24, na wiki za Ramadhani ni ghali kuliko za Safar.

Basi uhalali si tatizo, mradi nyumba ijulikane, muda ujulikane na ada ijulikane. Mimi binafsi nina wasiwasi na mikataba mipya ambayo haikupi nyumba wala tarehe bali pointi tupu za kila mwaka, kisha kampuni ikabaki na uwezo wa kubadilisha idadi ya pointi zinazohitajika kwa chumba kilekile. Hapo unanunua nini hasa?

Tuirudie hesabu ya Murang'a. Ada ya 58,000 ukiigawa kwa masiku saba ni shilingi 8,285 kwa usiku. Wakienda watu sita, ni kama 1,380 kwa kila kichwa, na Agosti, shule zikiwa zimefungwa na kila mtu anakimbilia pwani, bei hiyo ni nafuu kweli. Wakienda wawili, si nafuu. Wakienda Mei, mvua za masika zikinyesha, nyumba kama ile huenda wakaikodi kwa pungufu ya ada yenyewe bila mkataba wowote. Fedha ya kununulia nimeiacha nje ya hesabu makusudi, maana hiyo imekwisha kwenda. Kuendelea kulipa kwa uchungu wa fedha iliyokwenda ni kuongeza hasara. La kuuliza ni moja: je, ada ya mwaka huu inanunua kitu ambacho tungekinunua hata tusingekuwa na mkataba? Kwa wiki ya Agosti na familia ya watu sita, nikaona jibu ni ndiyo.

Na kuna faida moja ambayo wauzaji hawaitaji kwa kuwa hawaijui: jiko. Nyumba yenye jiko na mlango wake humwezesha mama wa Kiislamu kuvua mtandio wake akapumzika, na hakuna haja ya kumhoji mhudumu wa hoteli nyama imechinjwa na nani. (Ila nyinyi akina baba, msimpeleke mke safari ya masaa kumi ili akapike palepale alivyokuwa akipika nyumbani. Shikeni mwiko japo siku tatu.)

Sasa eda. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, na safari ya mapumziko katika muda huo haimo katika dharura zake. Eda ya mama huyu inakwisha mwanzo wa Novemba. Mkataba ulikuwa na kifungu, ukurasa wa tisa, kwa herufi ndogo, kisemacho kwamba mwenye zamu anaweza kuiweka wiki yake akiba na kuitumia ndani ya miaka miwili, mahali palepale au pengine, kwa sharti mbili: atoe taarifa siku 30 kabla, na asiwe anadaiwa ada. Tulikuwa tumebakiwa na siku 34.

Deni kwa hiyo likawa la kwanza, na kisharia lilikuwa la kwanza vilevile. Ada ya miaka miwili, shilingi 116,000, ni deni la marehemu, nalo hulipwa katika tirka kabla ya wasia na kabla ya mrithi yeyote kushika chake. Wana walikubali bila neno. Wakalipa kesho yake, wakaandika barua, na wiki ya Agosti ikawekwa akiba. Laiti ningefika Murang'a wiki moja baadaye, ingekuwa imekwenda.

Ikabaki miaka minane. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, ukodishaji haufi kwa kufa mkodishaji. Manfaa yaliyosalia hurithiwa kama mali nyingine. Mama ana thumni, yaani moja ya nane. Saba za nane zilizobaki ni za watoto, mvulana mafungu mawili, msichana fungu moja: wavulana wawili, wasichana watatu, mafungu saba kamili. Kila fungu likawa thumni. Na miaka ni minane! Mama mwaka mmoja, kila binti mwaka mmoja, kila mwana miaka miwili. Nimegawa mirathi kwa zaidi ya miaka ishirini, sijapata kuona hesabu ikilala chini kwa upole namna ile.

Tulipiga kura kuhusu nani aanze. Tukaandika kwamba mwenye zamu ndiye mlipa ada ya mwaka wake; kwamba asipoweza kwenda anaruhusiwa kumkodishia mtu, maana mkataba unaruhusu mgeni kwa barua; na kwamba atakayetumia zamu yake kisha akajitoa, awalipe wenzake kodi ya mfano. Nyumba nyingi hugombana si kwa ubaya wa nyoyo bali kwa sababu maneno haya hayakuandikwa.

Wiki ile ya akiba ndiyo iliyotaka uangalifu. Wana wakasema, "Hiyo tumempa mama." Neno jema. Lakini binti wa mwisho ana miaka kumi na miwili. Nikawaambia, mtoto hana uwezo wa kusamehe haki yake, na hakuna wa kumsamehea, si kaka wala mama. Mkubwa akaona nalitatiza jambo dogo. Thumni ya wiki moja ni usiku mmoja usiotimia! Nikamjibu kuwa mali ya yatima haina udogo. Tukakubaliana kwamba binti atakwenda na mama yake, atakuwa na kitanda chake, na nauli na chakula chake vitatoka katika mafungu ya wakubwa. Kwa njia hiyo fungu lake amelila mwenyewe.

Halafu simu. Marehemu alikuwa na laini moja tangu zamani na alikuwa mtu wa kupiga simu. Mpango wa Bonga wa Safaricom ulianza mwaka 2007, na hutoa pointi 1 kwa kila shilingi 10 unazotumia. Ukibonyeza *126# unaona ulizo nazo. Yeye alikuwa na elfu arobaini na moja, hajagusa hata moja. Yaani laini ile ilikwisha kula zaidi ya shilingi laki nne. Mwana mdogo, ajuaye namba ya siri ya baba yake, alitaka azigeuze muda wa maongezi mara moja. Nikamzuia. Pointi ni hiba ya kampuni, lakini hiba iliyokwisha kupokewa ni mali, na mali ya maiti si ya mwenye kujua namba ya siri. Wakaenda katika duka la kampuni wakiwa na cheti cha kifo kuuliza utaratibu wa warithi, na hadi naandika haya wanangojea majibu.

Ninyi mlio hai, zitumieni. Tangu 2020 pointi hizo zinaweza kulipia bidhaa kwa wafanyabiashara wa Lipa na M-Pesa, na mnaweza kuhamishiana katika familia. Thamani yake kwa shilingi hupangwa na kampuni, na mwaka 2022 kampuni ilitangaza mpango wa kufuta zilizopita miaka mitatu. Kinachoweza kushushwa thamani au kufutwa na mwingine hakiwekwi kama dhahabu.

Maili za ndege ni vivyo hivyo. Binti mkubwa wa nyumba hiyo anafanya kazi Dubai, na husafiri na Emirates, ambao maili zao za Skywards hukaa miaka mitatu. Alikuwa karibu kupoteza za mwaka wa kwanza. Nilimwambia mambo mawili kwa simu. La kwanza, asizitumie kununua mikoba na saa katika orodha ya zawadi, kwa kuwa huko kwa kawaida maili huuzwa bei ya kutupa. Azitumie kwa tiketi, naye akumbuke kwamba kodi na ada za tiketi ya maili hulipwa kwa fedha taslimu, wakati mwingine nyingi. La pili, Emirates wana akaunti ya familia inayokusanya maili za wengi mahali pamoja, na maili elfu chache za kaka na za mama, kila moja peke yake haifiki popote, zikichanganywa huenda zikafika Jedda. Saudia nao wana Alfursan yao, na Ethiopian wana ShebaMiles. Ni heri kuchagua mpango mmoja na kudumu nao. Kuhusu kadi za mkopo za benki zitoazo pointi, yule anayechelewesha malipo akatozwa riba hajapata zawadi yoyote, na afadhali aache.

Akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: tiketi nyingine zililipwa na mwajiri wake, je, maili ni zake? Nikamwambia amuulize mwajiri, maana waajiri wengine huziacha kwa mfanyakazi na wengine huzidai. Aliuliza, akaambiwa ni zake. Anakusudia kumpeleka mama yake Umra, inshaallah, eda ikiisha.

Asubuhi ya kuondoka kwangu walinifungia nduma na maparachichi ya Murang'a mfuko mzima. Kabla sijafika mlangoni mama akaniita tena kutoka chumbani. Alikuwa ameufikiria mkataba usiku kucha. Alitaka kujua kama jiko la ile nyumba ya pwani lina sufuria kubwa, au abebe yake.