Otokrosi: Hesabu za gharama kwa dereva anayeanza

Wafanyabiashara wengi wanaopenda magari huanza hesabu za mchezo wa otokrosi mahali pasipostahili. Huuliza kwanza bei ya gari, kisha nguvu za injini, na mwisho, kama muda upo, hukumbuka tairi na breki. Hali ya soko ni kinyume chake. Gari likinunuliwa kwa busara hubaki na sehemu kubwa ya thamani yake na huweza kuuzwa. Fedha zinazokwenda zisirudi ni zile za tairi, pedi za breki, usafiri wa kwenda uwanjani na, kubwa kuliko zote, ajali ambayo bima imekataa kuilipa.

Kabla ya kuingia katika mahesabu, ni vema kufahamu kuwa jina hili lina maana mbili. Nchini Kenya, kama ilivyo Uingereza, otokrosi ni mbio za muda katika njia fupi ya vumbi au majani. Nairobi imekuwa na mashindano hayo kwa miaka mingi, yakiwemo yale ya kiwanja cha Jamhuri, na madaraja hugawanywa kwa kuangalia kama gari linasukumwa na magurudumu mawili au manne, na kama injini ina tabo au haina. Liko pia daraja la watoto, linaloitwa Bambino. Nchini Marekani otokrosi hufanyika juu ya lami, katika maegesho makubwa ya magari au uwanja wa ndege wa zamani, na njia huchorwa kwa koni za plastiki. Chama cha SCCA, kilichoanzishwa mwaka 1944, ndicho kinachoendesha sehemu kubwa ya michezo hiyo kule, na mashindano yake ya taifa yalianza mwaka 1973. Tangu mwaka 2009 yanafanyika Lincoln, Nebraska, na hukusanya madereva zaidi ya elfu moja, wengi wao wakiwa ni watu wenye kazi zao za kawaida.

Jambo moja ni sawa kote: dereva hushindana na saa. Kwa mtindo wa Marekani gari hukimbia peke yake katika sehemu yake ya njia, kwa hiyo hakuna kugongana ubavu wala kuviziana. Ndiyo sababu mchezo huu huhesabiwa kuwa mlango wa bei nafuu kuliko yote katika michezo ya magari.

SIKU MOJA UWANJANI

Asubuhi mkaguzi hulipitia gari. Haangalii rangi wala muziki. Hutikisa magurudumu kuona kama beringi na viungo vya mbele vimelegea, hukagua naati za magurudumu, hubonyeza breki, huangalia kama betri imefungwa imara na kama kuna mafuta yanayovuja. Ndani ya gari kusiwe na kitu kinachoweza kuruka: jeki, chupa ya maji, zulia la miguuni, hata kalamu. Chupa iliyoviringika chini ya pedali ya breki imewahi kuharibu mipango mizuri kuliko injini mbovu.

Baada ya ukaguzi madereva huitembea njia kwa miguu. Wageni wengi hupuuza hatua hii, na ndiyo inayowagharimu. Mwenye uzoefu huitembea mara tatu au nne mpaka aweze kufumba macho akaiona koni ya mwisho. Kila mzunguko huchukua chini ya dakika moja au kuzidi kidogo, na dereva hupewa mizunguko michache tu, mara nyingi kati ya mitatu na sita. Kwa kanuni za SCCA, kila koni inayoangushwa huongeza sekunde 2 katika muda wa dereva, na anayekosea njia mzunguko wake haupewi muda. Katika mchezo ambao washindi hutengana kwa sehemu za sekunde, sekunde 2 ni sawa na kufunga duka wiki nzima.

Muda usiokuwa wa kuendesha ni wa kazi. Kila dereva hupangiwa kituo cha kusimamisha koni zilizoanguka na kutoa taarifa. Hakuna malipo kwa kazi hiyo, lakini ndiyo inayofanya ada ya kiingilio iwe ndogo. Aidha, anayesimama kwenye kona akiwatazama wengine kwa saa nzima hujifunza bure mambo ambayo angelipia kwa mwalimu.

TAIRI: BIDHAA INAYOKULA MTAJI

Tairi ndiyo kitabu cha gharama cha mchezo huu. Soko la Marekani huweka ubavuni mwa tairi namba ya kiwango cha kulika. Tairi nyingi za familia huwa na namba kati ya 400 na 600. Kwa madaraja ya kawaida ya SCCA namba isipungue 200. Watengenezaji wamejibu kanuni hiyo kwa kutoa tairi zenye namba 200 kamili, laini, zinazoshika lami kwa nguvu, na zinazokwisha haraka. Kwa hesabu ya kitabu, tairi ya 200 hulika mara mbili ya ile ya 400. Uwanjani tofauti yaweza kuwa kubwa zaidi.

Anayeanza hana haja nazo. Tairi nzima ya barabarani hupiga kelele kabla ya kuteleza, na kelele hiyo ndiyo mwalimu wa kwanza. Tairi ghali hunyamaza, hushika, kisha huachia ghafla. Madereva wengi walionunua tairi laini mwezi wa kwanza wamejikuta wakipata muda mzuri bila kujua wameupataje, jambo ambalo ni hasara kwa mwanafunzi.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, ambako tairi za mtumba zinauzwa kila kona, tahadhari ni ya lazima. Kila tairi iliyotengenezwa tangu mwaka 2000 huwa na namba nne za tarehe ubavuni: mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi iliyoandikwa 3514 ilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2014, hata kama meno yake yanang'aa kama mapya. Mpira hukauka na umri. Tairi hiyo yaweza kupeleka mchicha sokoni kwa miezi kadhaa. Kuipeleka kwenye kona ya mbio ni kuinunua hasara kwa fedha taslimu.

Fizikia yenyewe haina upendeleo. Gari likikata kona yenye nusu kipenyo cha mita 20 kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, tairi hubeba nguvu ya pembeni inayokaribia theluthi mbili ya uzito wa gari. Kwa kilomita 50, nguvu hiyo hulingana na uzito wote wa gari, na hapo tairi nyingi za barabarani zimefika mwisho wa uwezo wao katika lami kavu. Kwa kilomita 60, nguvu inayotakiwa ni uzito wa gari mara 1.4, na gari litakwenda moja kwa moja hata usukani ukikatwa mpaka mwisho. Kwenye vumbi mpaka huo hufika mapema sana. Kilomita 10 tu zaidi ndizo zinazotenganisha muda mzuri na kulala juu ya koni.

BREKI, HELMETI NA GARI LENYEWE

Breki zinataka fedha kidogo na uangalifu mwingi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na pedali huzama mpaka chini bila gari kusimama. Kwa mtu wa pwani, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, chupa ya mafuta mapya ya breki ndiyo matumizi ya fedha yenye faida kuliko yote katika orodha hii.

Gari la kuanzia liwe jepesi, fupi kwenda juu na lenye spea nyingi. Nchini Marekani jina linalorudiwa ni Mazda MX-5, gari la viti viwili lililotolewa mwaka 1989. Uzito wa toleo la kwanza ni takriban tani moja, na Mazda ilitimiza gari la milioni moja la aina hiyo mwaka 2016, kwa hiyo soko la spea zake ni pana. Magari marefu yanayozidi upana wa magurudumu yake kwa kawaida hukataliwa, kwa kuwa huweza kupinduka. Wenye Prado na Noah watafute burudani nyingine.

Mtumba hauna aibu katika michezo ya magari. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwishatumika na timu ya kiwanda. Waliilipia kama mali ya mtumba, wakaitengeneza wenyewe, wakawashinda waliokuja na magari mapya.

BIMA: MAHALI MTAJI UNAPOPOTEA

Hapa ndipo mwenye biashara anapotakiwa kusoma kwa makini. Mikataba ya bima ya magari, hata ile kubwa inayolipa hasara zote, kwa kawaida huwa na kifungu kinachoondoa mashindano, majaribio ya mwendo na mazoezi yake. Maana yake ni kwamba gari likipinduka uwanjani, kampuni hailipi. Mara nyingi haijalishi kama dereva alikuwa akishindana kweli au akijifunza tu.

Chukua mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyenunua gari dogo kwa mkopo wa benki, kadi ya gari ikiwa dhamana. Wiki nzima gari hilo hufuatilia madeni na kupeleka sampuli kwa wateja. Jumapili anakwenda uwanjani. Likigonga ukingo na chesisi kupinda, benki itaendelea kudai rejesho kila mwezi, bima itasimama kando, na Jumatatu duka halina gari. Mtu huyo amepoteza vitu vitatu kwa mzunguko wa sekunde 50, na mkataba wa mkopo waweza pia kumdai kwa kuharibu dhamana.

Kwa hiyo kanuni ya wazoefu ni fupi: usikimbize gari ambalo huwezi kulitupa. Gari la mkopo na gari la kazi yabaki nyumbani. Asiyekuwa na gari la pili ni heri ashirikiane na mwenzake. Kanuni nyingi zinaruhusu madereva wawili kutumia gari moja kwa zamu, wakigawana tairi na mafuta. Waandaaji wengi huwa na bima ya uwanja, lakini hiyo hulinda zaidi watu wengine na mwandaaji mwenyewe kuliko gari la mshindani. Iulizwe kwa maandishi kabla ya kulipa kiingilio.

KUPANDA NGAZI

Baada ya msimu mmoja, wengi huvutiwa na siku za mafunzo ya udereva wa kasi katika viwanja vya mbio, ambako mwalimu huketi kiti cha abiria na hakuna anayepimiwa muda. Mafunzo ni mazuri, lakini daftari la gharama hubadilika kabisa. Mizunguko mitano ya otokrosi ni kama dakika nne za kuendesha kwa siku nzima. Siku ya uwanja yenye vipindi vinne vya dakika 20 ni dakika 80, sawa na mara ishirini, na kwa mwendo mkubwa zaidi. Nguvu ambayo breki inapaswa kuifuta kwa kilomita 100 kwa saa ni mara nne ya ile ya kilomita 50. Pedi zilizodumu mwaka mzima wa otokrosi zinaweza kwisha mwishoni mwa juma moja.

Muda wenyewe hupatikana kwa macho na miguu. Anayeanza hutazama koni iliyo mbele ya boneti. Mzoefu hutazama ile ya pili au ya tatu. Anayeanza huingia kona kwa fujo akitoka taratibu. Mzoefu humaliza kufunga breki gari likiwa bado limenyooka, kisha hufungua usukani na kukanyaga mafuta kwa pamoja. Tairi haiwezi kufunga breki kwa nguvu zote na kukata kona kwa nguvu zote wakati mmoja. Anayelielewa hilo hupunguza sekunde kadhaa bila kununua kitu.

Kwa wauzaji wa vifaa, eneo la kuangaliwa ni helmeti. Shirika la Snell la Marekani hutoa kiwango kipya kila baada ya miaka kadhaa, kama SA2015 na SA2020, na waandaaji huacha kupokea vile vya zamani. Herufi SA ni ya magari na hujaribiwa pia kwa moto. M ni ya pikipiki, na si kila mwandaaji anaikubali. Mwenye kuagiza shehena ya helmeti za kiwango kinachokaribia kuondolewa atazipata kwa bei ya chini sana, na atakaa nazo.