Usanifu wa awali wa barabara za mijini: ada ndogo, gharama kubwa

Katika biashara ya ujenzi wa barabara za mijini nchini Tanzania, fedha na sifa humwendea mkandarasi, ilhali maamuzi mengi yanayopandisha gharama huwa yamekwisha kufanywa kabla hajapata zabuni. Hufanywa katika usanifu wa awali, hatua ambayo mhandisi mshauri huchagua barabara ipite wapi, iwe na njia ngapi, makutano yawe ya aina gani na watu wavukie wapi, kabla ya usanifu wa kina unaotoa vipimo vya kujengea.

Mhandisi mshauri mmoja wa Dar es Salaam, aliyeomba asitajwe, analalamika kwamba hatua hiyo hulipwa kama kiambatisho tu. Kwa maelezo yake, washauri hushindana kwa bei, mshindi hupewa muda mfupi, na matokeo yake magari huhesabiwa kwa siku chache, kisha mchoro wa mradi uliotangulia hunakiliwa na kubadilishwa jina. Waenda kwa miguu huhesabiwa mwisho, wakihesabiwa, na bodaboda huwekwa safu moja na pikipiki binafsi, ingawa bodaboda huegesha kwenye makutano kungoja abiria na hivyo humeza nafasi ambayo mchoro umeiacha tupu. Mteja naye, anaongeza, huuliza kwanza kama kuna barabara ya juu. Lalamiko hili lina maslahi ndani yake, kwa kuwa ada ikipanda atakayenufaika ni yeye. Lakini njia za waenda kwa miguu zinazoishia ghafla kwenye mtaro usio na kifuniko zinamtetea vya kutosha.

Jambo lisilozungumzwa sana ni ardhi. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda uliotengwa kwa ajili ya barabara, kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande wa mstari wa katikati, na kwa sababu hiyo mstari huo ukisogezwa mita chache kwenye karatasi, nani alipwe fidia na nani abomolewe bila kulipwa hubadilika pia.

Afisa mmoja wa mipango haafiki kwamba michoro ndiyo mbovu. Kwake yeye, ushahidi ni mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam: awamu ya kwanza ilipangiwa mabasi 305, huduma ikaanza Mei 2016 kwa mabasi 140, kwa hiyo foleni za vituoni ni kosa la utekelezaji. Takwimu hiyo ina uzito, ila haielezi kwa nini karakana iliwekwa Jangwani, katika bonde la Mto Msimbazi ambalo hufurika mvua kubwa zinaponyesha. Mahali pa karakana huchaguliwa mapema, wala si jambo la kumtwisha mwendesha mabasi.

Programu za kompyuta zimerahisisha uchoraji na pengine zitashusha ada zaidi badala ya kuboresha kazi. Huenda mambo yakabadilika iwapo usanifu wa awali utapewa mkataba wake wenyewe, lakini maadamu mafanikio yanapimwa kwa kilomita za lami, mshauri anayeomba wiki sita za kuhesabu watu ataendelea kushindwa na anayeomba mbili.