Kusomea Lishe Ukiwa Mtu Mzima: Vyeti Kwanza, Ada Baadaye

Mkoa wa Songwe huvuna mahindi na maharage kwa wingi, lakini ghala lililojaa si lishe bora. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba nchini kote takriban watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa. Si ajabu, basi, kwamba wahudumu wa afya, walimu na hata mama lishe wa Tunduma hutamani kuisomea taaluma hii wakiwa tayari na kazi na familia.

Umri peke yake haumnyimi mtu nafasi ya chuo kikuu. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kufanya kazi kwanza ndiko kulikokuwa utaratibu wa kuingia huko. Linaloamua ni vyeti. Aliyefaulu masomo mawili makuu ya sayansi katika kidato cha sita huomba moja kwa moja. Mwenye stashahada inayohusiana na fani hutazamwa kwa wastani wake, ambao kwa kawaida usiwe chini ya 3.0. Asiye na kimojawapo, lakini mwenye uzoefu wa miaka mingi, aulizie utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, unaosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU).

Kwa wakazi wa mpakani tunatilia mkazo jambo moja. Aliyesoma sekondari ng'ambo ya Nakonde, nchini Zambia, sharti apate kwanza ulinganifu wa cheti chake kutoka Baraza la Mitihani la Tanzania. Aanze mapema, kabla dirisha la udahili halijafunguliwa. Vivyo hivyo kwa mwanamke aliyebadili jina alipoolewa: fomu hujazwa kwa majina yaliyo kwenye cheti cha kidato cha nne.

Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha shahada ya lishe ya binadamu, na mwanafunzi huhamia huko. Chuo Kikuu Huria kina shahada ya chakula na lishe kwa asiyeweza kuacha kazi, ila maabara haifanyiki sebuleni. Uliza mafunzo ya vitendo yako wapi, na nauli ni kiasi gani kwa mwaka.

Mkopo ni habari nyingine. Mwongozo wa Bodi ya Mikopo umekuwa ukiweka ukomo wa umri wa mwombaji. Mwenye miaka arobaini asipange maisha yake juu ya mkopo kabla ya kuusoma mwongozo wa mwaka husika.

Tangu mwaka 2017 maombi ya shahada hupelekwa chuoni moja kwa moja. Anayedai fedha ili "akuombee nafasi TCU" hana anachokuuzia. Tafuta jina la chuo na la programu katika mwongozo wa udahili wa TCU, au, kwa cheti na stashahada, katika ule wa NACTVET. Usipoliona, usilipe, na ukilipa popote, dai namba ya kumbukumbu ya malipo na stakabadhi.