Mwalimu Arejea Dawatini



Tulifundisha hisabati shule za sekondari kwa zaidi ya miaka 30, kwanza nyumbani Tanzania, kisha hapa Uingereza. Tulipostaafu tukiwa na umri wa miaka 63, tuliazimia kuomba nafasi ya shahada ya uzamili. Wenzetu msikitini walituuliza: "Mwalimu, shahada hiyo utaajiriwa nayo wapi?" Swali lilikuwa la haki. Jibu letu lilikuwa kwamba tumefundisha kanuni nyingi ambazo uthibitisho wake hatukupata kuusoma ipasavyo.

Chuo cha kwanza kilitukataa. Tulidhani sababu ni mvi, kumbe sivyo. Shahada yetu ya Dar es Salaam ya mwaka 1984 ilikubaliwa. Kilichokosekana ni ushahidi wa kazi ya hisabati ya kiwango cha chuo kikuu tangu wakati huo. Aidha, walimu ambao wangetuandikia barua za udhamini wengi wao wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Ama umri, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 hairuhusu chuo kumkataa mwombaji kwa sababu ya miaka yake pasipo hoja ya halali.

Basi tulijiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1971 na ambacho hufundisha watu wakiwa majumbani mwao. Tulichukua somo moja tu la shahada ya kwanza, lile la kuthibitisha kanuni za kalkulasi hatua kwa hatua. Kazi yetu ya kwanza ilirudi imejaa masahihisho. Sisi tuliozoea kusahihisha madaftari ya watoto wa watu tuliona haya kumwonyesha hata mama watoto. Lakini kila usiku baada ya sala ya isha tulikaa mezani, na mwisho wa mwaka tukafaulu. Mwalimu wa somo hilo ndiye aliyetuandikia barua ya udhamini, na chuo cha pili kikatupokea kwa masomo ya muda wa ziada.

Suala la fedha lilikuwa gumu zaidi. Hapa England, mkopo wa serikali wa uzamili, ulioanzishwa mwaka 2016, hutolewa kwa wenye umri chini ya miaka 60 siku ya kuanza masomo. Zaidi ya hayo una riba, jambo ambalo wengi wetu tunaliogopa. Tulikubaliana nyumbani kwamba akiba ya Hija haitaguswa. Ada italipwa kidogo kidogo kutokana na pensheni, hata kama masomo yatachukua miaka mitatu.

Kwa hiyo, ndugu mwenye nia kama yetu, usianze na fomu. Anza na somo moja, upate alama mpya na mwalimu anayekujua leo. Tafuta mapema nakala rasmi ya matokeo yako ya zamani, kwani huchukua miezi kufika.

Mwaka 2013 Yitang Zhang, mhadhiri wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1955, alithibitisha jambo kuhusu namba tasa lililowashinda wataalamu wengi. Sisi hatutaraji makubwa hayo. Tunataraji kuielewa kazi yake, inshallah.

Wabillahi tawfiq.