Jirani Afiwapo, na Ibada i Kanisani

Kijana mmoja wa mtaani petu alinijia juzi. Jirani yake, Mwanglikana, amefiwa na mama, na ibada ya maziko itakuwa katika kanisa kuu la barabara ya Nkrumah, Mombasa. Akifika, akae vipi?

Hukumu ya kwenda nimewaachia masheikh wetu. Mimi, niliyehudhuria ibada kama hizo kwa kazi hii ya kalamu, nilimweleza atakayoyakuta.

Kanisa hilo, lililowekwa wakfu mwaka 1905 kumkumbuka Askofu James Hannington, aliyeuawa Busoga mwaka 1885, pamoja na wenziwe, lina kuba. Mgeni wa mji aweza kulidhani msikiti. Mlangoni mambo hupinduka: sisi huvua viatu tukabaki na kofia, wao huvua kofia wakabaki na viatu. Wake kwa waume huketi pamoja.

Ibada imo kitabuni, kasisi akisoma na watu wakiitikia. Wasimamapo, simama kwa heshima ya wafiwa. Wapigapo magoti, wewe keti kimya. Likiwapo fungu la mkate na divai, kaa ulipo. Hilo ni la waliobatizwa, wala wenyewe hawakutarajii. Kikapu cha sadaka kikifika, waweza kukipitisha tu.

“Na pole niitoe lini, mzee?”

Nje, nikamwambia, watu wakishatoka nyuma ya jeneza. Mshike mkono mwenzio. Na ukifuatana nao makaburini, utaona udongo ukitiwa kwa mkono, kama kwetu.